Kupanda Kabla ya Kilio

Shangazi yangu Leokadia aliponiita Kamachumu mwaka jana, nilijua ananiitia nini, nikachelewa wiki mbili kwa makusudi. Nilisingizia goti. Goti langu ni bovu kweli, lakini siku hizo hizo lilipanda basi kwenda harusini bila kunung'unika. Shangazi alikuwa anakaribia miaka themanini na mitano, macho yamefifia, na mkwewe, mke wa mwanawe, anayemtunza aliniambia kwenye simu kwamba mgonjwa hali chakula, na kila akiulizwa anamtaka nani anasema anamtaka mtoto wa Kanazi. Mtoto wa Kanazi ni mimi. Nina miaka sabini na minne, nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, nimezika mume, lakini kwa Shangazi nimebaki ndani ya ule mwaka mmoja niliokaa kijijini Kanazi kwa Bibi, mama yake, enzi za Mwingereza, nikitayarisha bustani ya mboga kabla ya masika. Sababu zilizonipeleka kwa Bibi si za sura hii. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mikono yangu ilikuwa na nguvu, na Bibi alikuwa hawezi tena kuinuka. Hayo yanatosha.

Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi, mmoja kati ya michache iliyobaki kijijini, maana waliouza kahawa vizuri walikwisha kuezeka mabati. Sakafu ilitandazwa majani makavu, na kazi yangu ya kwanza kila Jumamosi ilikuwa kuyaondoa ya zamani na kuleta mapya kutoka rweya, yaani mbuga ya nyasi nje ya kijiji. Kitanda cha Bibi kilisogezwa karibu na mlango wa nyuma ili aone jiko, na ng'ambo ya jiko, bustani. Kibanja chenyewe, na migomba na mibuni yake, kilikuwa cha wanaume. Bwana shamba wa serikali alikuja na kofia yake na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, nyuma yake, akahesabu migomba yenye wadudu, akafoka kuhusu majani ya kufunika mibuni, akaenda zake. Bustani hakuitupia jicho hata siku moja. Kilikuwa kipande cha hatua kama thelathini kwa ishirini, kinatupiwa maganda na majivu miaka yote, na Bibi alikuwa akisema kwamba wanawe wamesomeshwa na kahawa, lakini iliyowafanya wawe hai mpaka wakafika shule ni ile mboga. Alilisema hilo hasa baba yangu akiwepo, ili asikie.

Tulianza Januari, jua likiwa kali. Nasema tulianza, ingawa yeye alikuwa kitandani na mimi juani. Aliniongoza kwa sauti kupitia mlangoni, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu mzima wa afya, jambo lililowadanganya wengi. Nilifyeka magugu na kuyalaza yaoze. Nilibeba samadi kutoka kwa Ma Paskazia, jirani yetu mwenye ng'ombe wawili, nikiishika kwa mikono na kuimimina kwenye kapu, mpaka shuleni wenzangu wakaanza kuhama dawati. Nilikata matete ya kuziba mapengo ya uzio, kwa sababu ya mbuzi wa mkungu waliojiona nao ni viongozi. Kisha nikalima mara ya kwanza, mabonge makubwa, nikayaacha yapigwe na jua, na mara ya pili nikayapondaponda na kuinua matuta. Kila asubuhi, kabla ya shule, Bibi alitaka nimpelekee udongo. Nilichota konzi moja kutoka tuta la katikati nikaiweka kiganjani mwake. Aliufinya, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa. "Bado," alisema. Kesho yake tena, "Bado." Siku nyingine alinicheka: "Huu umeuchota pembeni, penye majivu. Unadhani mimi mgeni?" Nami nilikuwa nimeuchota pembeni kweli, kwa uvivu.

Mbegu zilining'inia juu ya moto, zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba, nyeusi kwa moshi: maharage, maboga, nyanya chungu, mchicha. Niliziogopa kidogo. Chumba kilikuwa na giza, moshi ukipita kwenye nyasi za paa, na vile vifurushi vilivyoning'inia vilinifanya nihisi kuna watu wanatusikiliza tukila. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo tulikula ndizi na maharage, maharage na ndizi, na jioni Ma Paskazia alikuja kumgeuza Bibi na kumpaka mafuta mgongoni. Mimi nilijifanya ninaosha vyungu. Mtoto anayeosha vyungu haonekani, na karibu kila nililolijua maishani kabla ya kuolewa nililijua nikiosha vyungu.

Ndivyo nilivyosikia habari za Leokadia. Alikuwa ameolewa upande wa Kamachumu miaka mitatu nyuma, na mara mbili alikuwa amekuja kwa mama yake na uso uliovimba, na mara mbili mumewe alimfuata na wazee na mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, akaomba msamaha, akarudishiwa mkewe.

"Mara ya tatu?" Ma Paskazia aliuliza siku hiyo.

"Mara ya tatu hatoki hapa," Bibi akasema. "Nimewasikiliza wazee mara mbili kwa sababu ya heshima. Heshima imekwisha. Atakaa kwenye nyumba hii, na bustani ile itakuwa yake. Kaka yake hawezi kupinga neno langu nikiwa hai."

"Na usipokuwa hai, waitu?" aliuliza kwa heshima.

Bibi akasema jambo ambalo lilikuwa langu, ingawa alilisema kwa Ma Paskazia. "Nisipokuwa hai, naomba Mungu asinichukue siku ya kupanda."

Nieleze hapa, maana siku hizi wajukuu wangu wanalima huku jirani anazikwa. Wakati ule, mtu akifa, yowe likipigwa, jembe halikugusa ardhi kilima kizima kwa siku nne. Aliyekuwa shambani aliliacha palepale akaja msibani. Miaka miwili kabla sijafika kwa Bibi, mzee mmoja alikufa asubuhi ile ile mvua ya kwanza iliponyesha. Watu walikuwa wameloweka mbegu usiku. Walikaa msibani siku nne huku mbegu zikioza kwenye vyungu, mvua ikaja kwa nguvu, na waliopanda baadaye walivuna majani tu. Watoto walikula mizizi ya migomba. Bibi aliona hayo, na alikuwa mwanamke wa kukasirikia hata desturi aliyoitii. Ma Paskazia alipoondoka aliniita. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mikono ikitiririka maji ya vyungu.

"Koku, umesikia. Usijifanye hujasikia."

"Nimesikia, Bibi."

"Nikilala nisiamke, na mbegu ziko kwenye maji, usipige yowe. Panda kwanza. Ukimaliza, nililie unavyotaka. Mimi sitakuwa na haraka."

Nikasema ndiyo. Mtoto husema ndiyo kwa mambo mengi akidhani hayatafika.

Mvua ilikuja Machi, alfajiri, baada ya siku tatu za radi upande wa ziwa. Mchana uliotangulia Bibi alikuwa ameufinya udongo, akaunusa kwa muda mrefu, akasema, "Loweka." Kulipopambazuka maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye migomba, na ardhi ilitoa harufu ile ambayo mpaka leo sikai nayo vizuri. Nilichota konzi ya udongo kutoka tuta la katikati, safari hii bila uvivu, nikaingia na kuuweka kiganjani mwake. Vidole havikujikunja. Nilingoja. Nilidhani anapima. Udongo ulikaa pale kiganjani, na baridi niliyoihisi haikuwa ya udongo. Nikauondoa kidogo kidogo, nikaleta maji, nikamwosha mkono, nikamfunika mpaka kidevuni, uso nikauacha wazi kwa sababu sikuthubutu kufanya jambo ambalo lingekifanya kifo kuwa kweli. Kisha nikatoka na chungu cha maharage.

Nililia, lakini bila sauti, nikiwa nimeinama, na machozi ya mtu aliyeinama huanguka moja kwa moja kwenye shimo. Nilitupa maharage matatu, nikafukia, nikasogea. Ng'ambo ya uzio nilisikia kilima chote kikifanya hivyo hivyo: majembe, wanawake wakiitana, mtoto fulani akichapwa kwa kula mbegu. Kila jembe nililolisikia lilikuwa linalima kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Ma Paskazia alisimama kwenye uzio, kapu kichwani.

"Bibi ameamkaje?"

"Amelala."

"Mwache apumzike. Mvua inawachosha wagonjwa."

Akaenda kwenye shamba lake. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, maana neno lenyewe halikuwa hata uongo kamili.

Ilipofika saa sita nikasikia hatua uani, na Leokadia akatokea nyuma ya jiko. Alikuwa amepanda lori la kahawa kutoka Kamachumu. Alikuwa na fungu la nguo, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso, na jicho la kushoto halikuonekana kwa uvimbe. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alinitazama nilivyojaa matope akacheka. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi sijawahi kulisahau. Alikuwa mchangamfu hata katika hali ile.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala, Shangazi. Usiku hakulala. Amesema asiamshwe."

"Basi asiamshwe." Aliweka fungu lake kwenye kizingiti cha jiko, akakunja kanga, akachukua chungu cha mbegu za maboga. "Hata hivyo sitaki anione kabla sijanawa uso. Mara ya pili alipouona alishindwa kula siku mbili. Tumalizie hapa, akiamka akute bustani tayari."

Tulipanda pamoja. Nimeishi na saa zile tatu kuliko nilivyoishi na ndoa yangu. Alinionyesha jinsi ya kusimamisha mbegu ya boga kwa ncha yake. Alinisimulia kichekesho cha padri aliyeteleza kwenye matope mbele ya wanafunzi wa kipaimara. Aliimba kwa sauti ya chini, asimwamshe mama yake. Na hatua kumi kutoka hapo, mlango ukiwa wazi, mama yake amelala na mkono niliouosha. Jambo lililokatazwa, kulima huku maiti ikiwa ndani, nilikuwa nimelibeba mimi kwa kujua. Sasa nilikuwa nimembebesha na yeye bila kujua.

Alasiri lori lilipiga honi barabarani. Lilikuwa linarudi Kamachumu, na hakukuwa na jingine mpaka juma lijalo. Shangazi akasimama, akapangusa mikono.

"Koku, ingia umuulize. Mwambie nimekuja kwa mara ya tatu. Mwambie sikumletea uso, nimeleta swali tu. Akisema nibaki, nibaki. Akisema nirudi, lori lile pale."

Nikaingia. Ndani kulikuwa kimya, hata moto ulikuwa umezimika, na mimi ndiye niliyeuacha uzimike. Nilisimama kando ya kitanda. Jibu nililijua. Nililisikia kwa masikio yangu, neno kwa neno, nikiosha vyungu. Lakini akibaki ataingia, nikawaza, na akiingia ataona, na atajua kwamba nilimwacha aimbe. Watu wamenisaidia kwa miaka mingi, bila wao kujua, kutafuta sababu nzuri: yalibaki matuta matatu, mtoto mtiifu, agizo la marehemu. Si kweli. Matuta yale sikuyafikiria. Niliogopa kuonekana mwongo, basi. Nikahesabu mpaka kumi, muda wa mgonjwa kuuliza na kujibu, nikatoka.

"Amesema urudi kwako."

Alinitazama kwa lile jicho moja. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Hakutaka hata kuniona."

Hakuwa akiuliza. Alichukua fungu lake, akaivuta kanga usoni, akapita katikati ya migomba kuelekea barabarani, na nilisikia mlango wa lori ukifungwa. Nikapanda matuta matatu. Nikaosha jembe, nikaliegemeza mahali pake. Kisha nikaingia ndani, nikapiga yowe, na kilima kizima kikaitika.

Ma Paskazia alikuwa miongoni mwa wanawake wazee waliomwosha Bibi. Aliniuliza amekufa saa ngapi, nikasema jioni hii. Akatazama kucha zangu, akatazama magoti yangu. Alichukua maji ya moto akanisugua mikono mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu Januari, na mpaka anakufa hatukuzungumza habari hiyo. Mvua ilinyesha siku zote nne za matanga. Hakuna aliyelima na hakuna aliyehitaji kulima, kwa kuwa mbegu zote zilikuwa ardhini. Watu walisema marehemu alichagua siku vizuri.

Leokadia alikuja siku ya pili na mumewe, kwa baiskeli. Alikaa kwenye majani pamoja na wanawake, mgongo ameunyoosha, jicho linaanza kufunguka, na hakutoa chozi. Niliwasikia wanawake jikoni: "Binti gani huyu? Hata mgeni analia." Siku ya kuondoka alinivuta kando ya jiko. Bustani ilikuwa mbele yetu, nyeusi, bado haijaota.

"Alisema kwa sauti gani?" aliniuliza.

"Kwa sauti ya kawaida, Shangazi."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda. Ile bustani ilistawi mno. Watu walikuja kuomba majani ya maboga mpaka wa ng'ambo ya mto, na mimi nilichuma, nikapika, nikawapa wengine wakala.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda zaidi ya miaka sitini na haijafika. Shangazi alikaa na yule mume mpaka mume akafa, miaka thelathini na minane. Alivunjwa mkono mara moja, ulipona vibaya. Mbali na mwanawe wa kiume, alizaa mabinti wanne na hakumpa hata mmoja jina la mama yake, jambo ambalo ukoo ulilisema sana. Kanazi alikuja misibani tu, akakaa kwa muda uliotakiwa. Mimi nilipopata mshahara nilimpelekea nguo, sukari, dawa, na alinishukuru akiniita mwanangu. Wema wote ule ulikuwa hongo, na nadhani nilikuwa najihonga mwenyewe.

Basi nikaenda Kamachumu na goti langu. Nilimkuta kwenye kitanda karibu na dirisha, mdogo, mkono ule uliopinda juu ya blanketi. Mkwewe aliniwekea kiti, akaleta kibakuli cha kahawa za kutafuna, akatoka kwenda kulima; ilikuwa Machi, na nje watu walikuwa mashambani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Goti."

"Goti," alisema, na niliona hakuniamini. Kisha akaniuliza lile swali nililolijua, kana kwamba tulikuwa bado tumesimama kando ya jiko. "Koku. Alisema kwa sauti gani? Mimi nakwenda kukutana naye. Nataka kujua nitamkuta na uso gani."

Nikamwambia. Sikuwa na ufundi wowote. Nilieleza kama mtoto anayeungama. Alikuwa amekufa tangu alfajiri. Hakusema kitu. Uliimba na yeye amekufa. Nilijua angesema ubaki, nilimsikia akimwambia Ma Paskazia kwamba mara ya tatu hutoki, na bustani itakuwa yako. Niliogopa. Ni mimi niliyekurudisha. Nilipomaliza niliinamisha kichwa nikingoja anilaani, na nasema kweli, nilitamani anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana miaka yote ile, na ningejua pa kuiweka.

Hakunitazama hata kidogo. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Basi Mama hakunifukuza," alisema.

"Hapana, Shangazi."

"Alikuwa amekufa."

"Ndiyo."

"Hakunifukuza. Alikuwa amekufa tu."

Kisha akafungua kinywa akalia. Sikujua kwamba mwili ule ulikuwa na sauti ile. "Mawe," aliita, mama, kwa Kihaya, "Mawe, Mawe," kilio cha binti aliyeletewa habari sasa hivi, na akanishika mkono kwa ule wake mbovu, si kwa kunisamehe, bali kwa sababu mtu anayelia hushika aliye karibu. Nje majembe yakanyamaza, moja baada ya jingine. Nikasikia watu wakikimbia kupitia migombani. Mkwewe aliingia wa kwanza, matope mpaka magotini, nyuma yake wanawake watatu na mzee mmoja aliyekwisha kuvua kofia, wakasimama mlangoni wakimtazama Shangazi akiwa hai, wakanitazama mimi.

"Nani amefariki?" mkwewe aliuliza.

"Mama yake," nikasema, na nikawaomba wakae.